Popo wa Nyatike na Papa wa Hezbon

Nimestaafu nikiwa na miaka thelathini na sita. Barua ya ofisi inasema mkataba wangu "umehitimishwa", mama yangu anasema nimefukuzwa, na mimi nimechagua neno kustaafu kwa sababu baada ya miaka kumi na miwili ya kutambaa ndani ya machimbo, magoti yangu ni ya mtu wa sitini. Ninyi vijana watatu mlioajiriwa juzi mliniomba niandike mambo ya kazi ambayo hayamo kwenye mwongozo. Habari za vyeo nitaziruka, maana sikupata hata kimoja. Mshahara nao tuuache ulipo. Nitaandika kuhusu popo na kuhusu papa, kwa sababu kwa miaka yote hiyo sikuwahi kumfikiria mmoja bila mwingine kuniuma rohoni.

Kituo chetu kilikuwa na madawati mawili ya utafiti chini ya mkurugenzi mmoja. La papa lilikuwa pwani. La popo lilikuwa huku, Migori na Homa Bay. Mimi na Hezbon tuliajiriwa siku moja, tukitoka darasa moja la chuo kikuu. Yeye ni mzaliwa wa Mbita, mtoto wa ziwani. Mimi ni Mkuria wa huku juu karibu na mpaka, ambako maji unayoyajua ni yale uliyobeba kichwani. Mkurugenzi aliuliza ni nani kati yetu anajua kuogelea. Hezbon akanyoosha mkono. Mimi nikauliza kwa nini kuogelea kuwe kigezo, ilhali papa wanaopimwa huwa tayari wamekufa kwenye mashua ya mvuvi. Mkurugenzi akasema, "Robi, wewe popo."

Ndivyo nilivyopata taaluma yangu. Mnaoamini kwamba mtu huitwa na kazi yake, samahani.

Siku ya kwanza nilipelekwa Nyatike, kwenye machimbo ya dhahabu yaliyoachwa zamani. Aliyenipokea ni Mama Konsolata, msaidizi wa uwandani, mwanamke wa makamo mwenye mabega ya mtu aliyeponda mawe ya dhahabu tangu usichana. Hakuwa na shahada, ila alikuwa na mshumaa. Aliuwasha mlangoni, akauinamisha hadi chini, akaingia akiutanguliza.

"Ukizimika, tunatoka. Hatuulizi," alisema.

"Si kuna kipimo cha hewa?"

"Kiko ofisini."

"Basi kwa nini tusikilete?"

"Betri yake haiko ofisini." Alisimama akanigeukia. "Wewe nyako wa chuo, unauliza kama askari wa trafiki. Tembea."

Nyako ni msichana kwa Kijaluo, na aliendelea kuniita hivyo hata nilipoanza kuota mvi. Siku hiyo alinifundisha mambo mawili ninayowaachia. Kwanza, mfuko wa kumwekea popo ushonwe kwa pamba, kisha ugeuzwe nje ndani, kwa sababu nyuzi za mshono zikiwa ndani zitamshika kucha na atajivunja kidole akihangaika. Pili, ukimshika jike, kabla hujampima, kabla hujaandika chochote, mpulize manyoya ya kifuani. Manyoya yakifunguka ukaona chuchu iliyo wazi, haina nywele kuizunguka, basi ananyonyesha. Huyo humpimi wala humpigi picha. Unafungua kiganja hapo hapo aende.

"Kwa nini tusimpime haraka tu?" niliuliza.

"Kwa sababu huyo ana mtu nyumbani."

Niliuliza tunajuaje kwamba dakika mbili zitamdhuru. Akanijibu kwamba hatujui, na ndiyo sababu hatuzichukui. Nimesoma vitabu vingi tangu siku hiyo na sijaona jibu la kisayansi lililonyooka zaidi ya hilo.

Popo wetu, mtawaona, ni wadogo, wa rangi ya kahawia iliyokoza, wenye vidole virefu vinavyofanya bawa kuwa jembamba. Popo aliyekomaa akijikunja, anatosha katikati ya kiganja. Wanakula nondo, mbu, na wale wadudu wa ziwani wanaopaa kama moshi, ambao Wajaluo huwaita sam. Jike huzaa mtoto mmoja kwa mwaka. Hilo la mtoto mmoja ndilo lililolinda machimbo yale. Vikundi vya wachimbaji wadogo vilikuwa vikiomba kila mara kufungua tena njia za ndani, na kila mara serikali ilijibu kwamba popo wakiendelea kuzaa humo, njia hizo zitabaki zimefungwa. Kwa hiyo daftari letu la kuhesabu lilifanya kazi ya kufuli.

Makosa yalikuwepo. Mwaka wa pili nyavu zetu zilichanika. Nyavu za popo ni nyembamba sana, unaweza kusimama mbele yake mchana usizione. Nikaona nimepata akili, nikazipeleka Muhuru Bay kwa wazee wanaoshona nyavu za omena, dagaa wa ziwani. Walizishona vizuri mno. Mafundo yalikuwa yamepangika, uzi mpya, imara, na hawakutaka hata shukrani ndefu. Tukazitundika machimboni siku nne na hatukupata hata popo mmoja. Siku ya tano Mama Konsolata alikaa chini akatazama. Popo walikuja moja kwa moja, wakifika mbele ya wavu wanapanda juu kama watu wanaoruka mtaro. Uzi wa wavuvi ulikuwa mnene, na mwangwi wa sauti za popo uliwarudishia habari. Niliporudi Muhuru Bay kuwaeleza, mzee mmoja alicheka hadi akashika boriti.

"Yaani umeleta wavu tuutengeneze, tumeutengeneza, sasa unalia umetengenezwa?"

"Nilitaka ubaki dhaifu, baba."

"Hapa hatushoni udhaifu, msichana wangu. Jaribu serikali."

Sasa nifike kwa papa. Kila mwaka madawati yote mawili yalikutana kutoa taarifa. Hezbon alikuwa akisoma papa mbingusi, yule mwenye kichwa kipana kilichokaa kama nyundo. Angeweka picha moja tu ukutani, mbingusi akipita kwenye maji ya kijani, na chumba kizima kingenyamaza. Halafu zamu yangu. Picha yangu nzuri kuliko zote ilikuwa ya kinyesi cha popo kilichofika magotini pangu, na magoti yenyewe. Watu wa filamu walimpigia simu Hezbon. Wageni walitaka kupiga picha naye ameshika taya la papa. Hata ngozi yake ilinikera, imekolea jua la bahari, wakati mimi nilikuwa nikitoka machimboni nimepauka na nanuka mkojo wa wanyama. Nilijiambia kwamba ninachokipinga ni upendeleo wa umma kwa wanyama wenye meno. Hoja hiyo niliiandika hata kwenye ripoti moja. Ilikuwa wivu, na niliipamba kwa marejeo.

Mwaka jana mkurugenzi alituita akatuambia kwamba kuanzia mkataba ujao dawati moja litafungwa. Na ili kujua ni lipi, tungezunguka na maonyesho: ubao mmoja wa kulinganisha popo na papa, madebe mawili, na kila mtazamaji apewe punje moja ya mahindi aitumbukize kwenye debe la mnyama anayetaka aendelee kuchunguzwa. Tungefanya pwani, kisha masoko ya huku, na la mwisho lingekuwa Mbita. Niliuliza ni tangu lini punje za mahindi zikawa njia ya kuamua utafiti. Mkurugenzi akasema tangu hapo. Hezbon hakuuliza kitu. Angeulizia nini, naye ana taya?

Ubao tuliuandika wote wawili kwa simu, tukibishana. Tulikubaliana kwamba wote wanaogopwa kwa sababu ya hadithi, wote hawatagi mayai bali wanazaa, wote wanachelewa kuongezeka wakishapunguzwa. Wote wanawinda bila kutegemea mwanga. Popo hupiga kelele na kusikiliza jibu. Mbingusi hupitisha kile kichwa kipana juu ya mchanga, na ngozi yake inahisi umeme mdogo wa samaki aitwaye taa aliyejizika chini, umeme wa misuli na moyo tu. Hapo nilitulia kidogo, kwa sababu hilo ni jambo zuri na sikutaka liwe lake.

Kisha tukafika kwenye malezi. Mbingusi jike huja kwenye ghuba zenye maji ya matope yenye kina kifupi, anazaa, anaondoka, harudi. Watoto wanajikusanya wenyewe. Popo jike naye humwacha mtoto darini kwenye rundo la wenzake, mamia kwa mamia wamebanana, lakini anarudi, na katika rundo lile lote anamtafuta wake kwa sauti na harufu, anamnyonyesha yeye.

"Hapo nimekushinda," nilimwambia.

"Umenishinda nini, nyar Kuria? Wangu anazaliwa na meno, anajua kuwinda. Wako anazaliwa uchi, macho yamefumba. Nani amemwandaa mtoto vizuri?"

Nyar Kuria, binti wa Wakuria, ndivyo alivyoniita kila tulipobishana.

Pwani mimi na popo wangu tulishindwa, jambo nililolitarajia. Migori mjini tulishindwa pia, na huku ni kwetu. Watu hawajawahi kuona papa maishani, na taya la Hezbon, jeupe, wazi, liliwavuta kama harusi. Popo wanawajua. Nilisimama nikimsikia mama mmoja wa mboga akimwambia mwenzake, "Hiyo si ni ya jajuok? Iko kwa dari yangu, inanikojolea kila siku. Mimi nitapea samaki." Jajuok ni mchawi wa kukimbia usiku. Punje yake ikalia ndani ya debe la Hezbon.

Ilibaki Mbita, siku ambayo mkurugenzi mwenyewe angekuja. Jioni ya kuamkia siku hiyo nilikwenda Nyatike peke yangu, nikatundika wavu mdogo mlangoni mwa machimbo, nikamshika popo mmoja. Jike. Kibali chetu kilikataza kabisa kumtoa popo hai nje ya eneo lile. Nilijua. Ulikuwa pia mwezi wa mvua, majira ya kunyonyesha, na hilo nililijua kuliko mtu mwingine yeyote katika kaunti mbili. Sikumpuliza kifua. Msidhani nilisahau. Mkono wangu ulishamgeuza chali, midomo ilishajikunja, nikafumba mdomo. Nikipuliza ningeweza kuona kitu ambacho kingenilazimu kumwachia, na kesho yake ningesimama tena kando ya taya nikiwa na ubao tu.

Asubuhi, huko Mbita, popo alifanya kazi yake. Nilimshika kwa glovu, bawa limefunguliwa kidogo jua lipite, mishipa yote inaonekana. Watu walisukumana. Wauza omena waliacha karai zao.

"Kumbe ana sura!" alisema mmoja. "Kama mbwa kadogo."

"Vidole hivi vyote ni vyake?"

"Ni vyake, mama. Bawa ni mkono."

"Aki, anatetemeka. Anaogopa nani?"

"Anapasha mwili joto," nilisema, na huo ulikuwa ukweli nusu.

Punje zilianza kuja kwangu. Nilimtazama Hezbon. Mbele ya taya lake walibaki wawili, na mmoja alikuwa anauliza kama lile ni la mbuta mkubwa, yule sangara wa ziwani. Siwezi kuwadanganya: ile saa ilikuwa tamu kuliko zote katika kazi yangu. Hezbon alikuja akasimama pembeni, akamtazama popo, akanitazama mimi. Alijua kibali kinasemaje. Akasema tu, "Ni mzuri," akarudi kwake.

Saa sita hivi Mama Konsolata akafika kutusaidia mezani. Hakunisalimia. Alimwangalia popo, kisha begi langu, kisha viatu vyangu vyenye udongo mwekundu wa Nyatike.

"Huyu umemtoa wapi?"

"Pale pale."

"Jana?"

"Jana jioni."

Alivaa glovu ya pili, akamchukua mkononi mwangu, akamgeuza. Wale wamama wakainama wote kuona anachofanya. Akapuliza. Sikuhitaji kutazama, lakini nilitazama. Ngozi ilikuwa wazi, ya waridi, na tone dogo jeupe lilikuwa limekauka ukingoni.

"Robi," alisema, na hakuniita nyako. "Huyu ana mtu nyumbani."

"Nini?" aliuliza muuza omena. "Ana nini?"

"Ana mtoto ananyonya. Tangu jana hajanyonya."

Wale wamama wakamwacha popo, wakanitazama mimi. Mkurugenzi alikuwa anatarajiwa saa tisa. Nikiondoka, hakuna ambaye angemweleza kwa nini popo wabaki. Nikibaki, kuna kitu cha gramu chache, hakina nywele, kilichokuwa kikiita darini tangu jana.

Hezbon alikuwa ameshaiwasha pikipiki ya ofisi. "Panda."

"Na meza yako?"

"Taya halina haja ya kunyonya. Panda, tupite Sindo na Karungu, tutafika kukiwa mchana."

Nikapanda na kisanduku kifuani. Ningependa kuandika kwamba nilimshukuru. Njia nzima niliwaza: sasa hata wema ni wake.

Tulipofika machimboni popo alikuwa hai ila amepoa. Nilimnywesha maji ya glukosi kwa brashi ndogo, akalamba. Nikawasha mshumaa, tukaingia. Hezbon, aliyewahi kuzama baharini na papa wakimzunguka, alifika kwenye kona ya kwanza akasimama, mkono ukutani.

"Robi, mimi nitasubiri hapa."

"Unaogopa?"

"Baharini ukizidiwa unajua juu ni wapi. Hapa juu kuna nini?"

"Mlima."

"Basi."

Nilifurahi. Nawaambia ukweli, hata saa ile nilifurahi, kwa sababu mbele ya kona ile kulikuwa na kitu ambacho sikutaka akione. Miaka michache nyuma, mvua kubwa iliangusha mwamba ndani na kufungua ufa ambao haukuwepo enzi za Mama Konsolata, na magoti yake yalikuwa yameshakataa kuingia. Niliupata mimi. Nyuma yake kuna chumba, na kwenye dari la chumba hicho ndiko wanakowaweka watoto. Kwenye daftari nilikiita "ch. 3" na kila mwaka nikaandika idadi ya watoto, lakini kiko wapi hakuna aliyewahi kuuliza, nami sikumwambia mtu. Hezbon alikuwa na bahari nzima. Mimi nilikuwa na chumba hicho.

Niliacha mshumaa nje ya ufa, nikajibana nikapita, nikazima tochi, nikafungua kiganja. Alikaa kidogo, akajikusanya, akaruka. Nilisikia mabawa yakizunguka, kisha yakapotea ndani ya kelele za watoto. Je, alimpata wake? Je, wake alikuwa bado anaita? Nilisimama pale hadi mshumaa ukafupika, na sijui. Nimejiuliza mara nyingi na jibu ni lile lile.

Nje Hezbon aliuliza, "Amempata?"

"Sijui."

"Unaonaje lakini?"

"Sioni chochote. Kulikuwa giza."

Alingoja hadi nilipotoa daftari, akasema, "Usiandike hii, nyar Kuria. Hakuna mtu aliyeona."

"Soko zima limeona."

"Soko halisomi daftari."

Niliandika. Jike, ananyonyesha, ametolewa na mimi, saa alizokaa nje, kurudishwa, matokeo hayajulikani. Sikuandika kwa uadilifu mkubwa. Kurasa zote za nyuma zilikuwa zangu, na kama huu ungekuwa na uongo, mtu kama mimi angekuja siku moja aulize na zile nyingine.

Simu ya Mama Konsolata ilinikuta tukiwa bado tunapangusa tope.

"Debe lako limejaa, nyako."

"Limejaaje na sipo?"

"Nimewaambia ukweli. Kwamba umemwiba mama wa watu, na kwamba umeenda kumrudisha anyonyeshe. Wale wa omena wameleta na mahindi yao wenyewe."

"Na mkurugenzi?"

"Ametumbukiza punje yake pia."

"Wapi?"

"Kwako. Halafu akauliza kibali."

Hivyo popo walishinda, na mimi nikaitwa ofisini. Kosa lilikuwa wazi, nilishaliandika mwenyewe, na mkataba wangu ukahitimishwa. Dawati la papa lilifungwa. Dawati la popo likabaki bila mtu, na mtu mwenye rekodi safi, mzaliwa wa huku, aliyekuwa hana kazi tena pwani, alikuwa mmoja. Barua ilinitaka nimkabidhi Hezbon daftari, nyavu na ramani.

Tulikutana Homa Bay mjini, tukaketi mahali pa kunywa chai. Alikuwa amejiandaa. Alikuwa ameyasoma madaftari yangu yote, na hilo nalo lilinikera.

"Kitu kimoja tu sielewi," alisema. "Ch. 3 ni wapi? Kwenye ramani hakipo."

Nilikoroga chai ambayo ilikuwa imeshakorogwa. "Kiliporomoka," nilisema. "Mvua za juzi."

"Pole sana, Robi."

Hakuuliza swali la pili. Mimi ninayehoji hata bei ya chumvi niliaminiwa hivyo tu, na aliandika neno nililompa, mbele yangu, kwa mwandiko wake mzuri.

Wiki iliyopita alinipigia. Alisema amehesabu msimu mzima na hajaona mtoto hata mmoja. Alisema ripoti yake itasema chumba cha watoto kiliporomoka na koloni halizai tena machimboni, na kwamba kikundi cha wachimbaji kimepata habari na kimeshaomba njia ile ya ndani ifunguliwe. Aliuliza kama kuna mahali hakuangalia. Nikasema sijui. Hiyo ilikuwa mara ya pili kumdanganya.

Mliniomba mambo ambayo hayamo kwenye mwongozo. Nakala ya kwanza ya maandishi haya nimemtumia Hezbon asubuhi hii, kabla yenu, kwa sababu ripoti yake inatoka Ijumaa. Sehemu iliyobaki ni yake, ninyi someni tu.

Hezbon, hakijaporomoka. Ingia na mshumaa hadi pale kwenye kona uliposimama. Weka mkono wa kushoto ukutani na usiutoe. Baada ya hatua thelathini na kitu utahisi ubaridi kwenye kifundo cha mkono, huo ndio ufa. Vua begi, pita ubavu, kichwa kwanza, utoe pumzi ndipo kifua kipite. Utaogopa, na juu hakuna kitu ila mlima, lakini ni hatua mbili tu. Ukishasimama, zima tochi na uhesabu kwa taa nyekundu, kipande kwa kipande, kuanzia mlangoni. Usitembee katikati, watoto wengine huanguka wakiwa hai na hurudi juu kwa kupanda ukuta. Andika idadi kwa mwandiko wako. Usinipigie kuniambia ni wangapi. Nitauliza mwenyewe, nikiweza.